Shahada ya Sanaa kwa Pesa ya Majani

Leo tuzungumze juu ya swali linalozuka katika nyumba nyingi za Bomet kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa na wakati wa kuchagua kozi za chuo kikuu unapowadia. Kijana amefaulu, alama zake zinamfikisha chuoni, na anasema anataka kusomea uchoraji, au uchongaji, au ubunifu wa michoro, au filamu. Wazazi wanatazamana, maana karo itatoka kwenye majani ya chai. Nayo majani hulipa kidogo kidogo kila mwezi, kisha huja bonasi ya Oktoba, ambayo kwa sisi wa magharibi mwa Bonde la Ufa imezoea kuwa chini ya ile ya wakulima wa mashariki. Je, ni busara pesa hiyo kuiweka kwenye shahada ya sanaa? Swali hilo si la ushamba wala si la kuwaonea vijana. Anayelipa ana haki ya kuuliza analipia nini. Jibu langu nalitoa mapema ili tusafiri pamoja: shahada ya sanaa ni uamuzi unaofaa, lakini kwa kijana ambaye tayari kazi yake inaonekana, na katika chuo kinachofundisha kazi yenyewe pamoja na soko lake. Bila mambo hayo, wazazi wana haki ya kusita. Yakiwepo, kukataa ni hasara.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mzazi anayemkataza mwanawe sanaa huwa ana kozi nyingine moyoni anayoiona kuwa salama, kama vile ualimu, udaktari au uhandisi. Kipimo hicho kiliwahi kuwa na msingi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Kenya iliwaajiri walimu waliohitimu moja kwa moja, na familia iliyomsomesha mwalimu ilijua itavuna lini. Mambo yamegeuka. Leo walimu waliosajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu bila kupata ajira yake wanahesabiwa kuwa zaidi ya 300,000. Wengi waliobahatika kuingia sekondari msingi waliingia kama walimu wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2024 wakagoma kwa sababu hiyo hiyo. Hata udaktari, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mlima ambao hakuna aliyeuhoji, uliingia katika mgomo wa siku 56 kati ya Machi na Mei mwaka huo huo, na miongoni mwa madai makubwa ilikuwa kupelekwa kazini na malipo ya madaktari walio katika mafunzo. Sisemi haya kuwavunja moyo wanaosomea ualimu au tiba, nchi inawahitaji. Nasema ili tuache kuilinganisha sanaa na ajira ya uhakika ambayo haipo tena. Tukipima, tupime kozi zote kwa mizani ya leo, maana mzazi anayekimbia hatari ya sanaa na kumpeleka mtoto kwenye kozi asiyoipenda huenda akaikuta hatari ile ile mbele, na mtoto hana hata hamu ya kupambana nayo.

Hata hivyo, Mgala muue na haki umpe. Kuonyesha kwamba kozi nyingine zina shida si kuthibitisha kwamba sanaa haina. Tutazame Marekani, ambako takwimu za wahitimu hukusanywa kwa makini kozi kwa kozi. Takwimu zilizotolewa mwaka 2025 na tawi la New York la Benki Kuu ya nchi hiyo zinaonyesha kuwa wahitimu wapya wa sanaa wasio na kazi walikuwa asilimia 7.0, na wale wa uhandisi wa kompyuta, kozi inayosifiwa kila mahali, walikuwa asilimia 7.5. Mtetezi wa sanaa mwenye haraka angeishia hapo na kushangilia. Lakini takwimu hizo hizo zinasema pia kwamba zaidi ya nusu ya wahitimu wapya wa sanaa walikuwa wakifanya kazi zisizohitaji shahada, ilhali kwa wahandisi wa kompyuta walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Mshahara nao ulikuwa mdogo zaidi upande wa sanaa. Ikiwa ni hivyo katika nchi yenye majumba ya makumbusho, studio za filamu na matajiri wanaonunua picha, sisi tusijidanganye. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba sanaa mara nyingi haimwajiri mtu kama ofisi inavyomwajiri karani. Msanii hulipwa kwa kazi moja moja: leo nembo, kesho filamu fupi, keshokutwa darasa la jioni. Kwa hiyo swali la mzazi linalosema, "Utaajiriwa na nani?" linahitaji kubadilishwa kidogo liwe, "Utajua kufanya nini ambacho mtu mwingine atakubali kukilipia?" Swali hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza, na kijana asiyeweza kulijibu hata nusu hajawa tayari.

Sasa tulijibu tukiwa hapa hapa kwenye majani. Kenya huuza nje zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka, na mwaka 2024 chai iliiletea nchi zaidi ya shilingi bilioni 180. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya chai hiyo huondoka ikiwa ya jumla, kwenye magunia ya karatasi, kupitia mnada wa Mombasa. Huko iendako huchanganywa na chai ya mataifa mengine, hutiwa kwenye pakiti zenye jina la mtu mwingine, na faida ya jina hilo hubaki huko. Serikali imesema kwa miaka mingi kwamba dawa ni kuongeza thamani, yaani kuuza chai iliyokwisha kufungashwa. Tujiulize basi pakiti ni nini. Pakiti ni jina, ni rangi, ni picha, ni umbo la kasha, ni maneno machache yanayomfanya mnunuzi wa Karachi au wa Cairo anyooshe mkono kwenye rafu hii badala ya ile. Kazi hiyo haifanywi na mtaalamu wa udongo wala na mhandisi wa kiwanda. Hufanywa na mtu aliyesomea ubunifu. Sitaki nitie chumvi. Pakiti nzuri peke yake haiondoi ushuru wa nchi za nje, haileti mtaji wa mashine za kufungashia, na haimlazimishi mfanyabiashara mkubwa akupe nafasi dukani. Lakini vyote hivyo vikipatikana na pakiti ikawa mbovu, chai itabaki rafuni. Viwanda vya wakulima vya Kapset, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek vina majina yenye milima, mito na historia ndani yake. Mtu wa kuyageuza majina hayo kuwa chapa inayotambulika anapaswa kuwa mtoto wa mkulima anayechuma hapo, aliyefunzwa vizuri.

Na chai si soko la pekee. Vyama vya ushirika vya maziwa vinahitaji nembo na vibandiko. Makanisa yanatengeneza vitabu vya watoto. Kaunti inachapisha ripoti za bajeti ambazo mwananchi wa kawaida hazimwingii akilini kwa sababu hazina hata mchoro mmoja wa kumsaidia. Hospitali zinahitaji mabango ya kueleza chanjo na lishe kwa mama asiyesoma Kiingereza. Kila miaka mitano wagombea hulipa mamilioni kwa mabango, fulana na video, na sehemu kubwa ya pesa hiyo huenda Nairobi kwa sababu wagombea hawaamini kwamba aliye Bomet anaweza. Juu ya hayo limekuja hitaji jipya kabisa. Mtaala wa umilisi ulioanza kuenezwa mwaka 2019 umefika sekondari ya juu mwaka 2026, na wanafunzi wa gredi ya 10 wanagawanyika katika njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa pamoja na michezo. Mpango wa serikali ulikuwa njia hiyo ya tatu ichukue asilimia 15 ya wanafunzi. Humo mna sanaa za uchoraji na uchongaji, muziki na densi, maigizo na filamu. Nani atawafundisha? Katika mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 sanaa na muziki viliondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na somo lisilotahiniwa likakosa kipindi, likakosa mwalimu, likakosa vifaa. Tumevuna upungufu tulioupanda. Kijana wa leo atakayesomea sanaa pamoja na ualimu anaelekea kwenye pengo ambalo serikali yenyewe imelichimba na sasa inatafuta wa kulijaza. Ajira haitakuja yenyewe, kwa kuwa tume haina pesa ya kuajiri kila mtu, lakini ni bora kusimama kwenye foleni fupi kuliko ile ya watu laki tatu.

Hapa nasikia pingamizi la kwanza, nalo ni zito: kipaji hakihitaji shahada. Anayesema hivyo ana mashahidi wengi. Nenda Kisii, ufike Tabaka, ukute familia zinazochonga mawe laini kizazi baada ya kizazi, baba akimfundisha mwana, na vinyago vyao vinauzwa duniani kote. Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania hakukaa darasani kujifunza uchoraji, lakini alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo ambao mpaka leo unalisha wachoraji wa Dar es Salaam. Gado, mchora katuni ambaye Wakenya wengi wanamjua kwa kalamu yake kali, alikuwa akisomea usanifu majengo kabla ya kuingia katika gazeti jijini Nairobi mwaka 1992. Cyrus Kabiru hutengeneza miwani ya sanaa kutokana na vyuma chakavu, na alijifunza mwenyewe. Basi shahada ya nini? Jibu langu ni kwamba mashahidi hao wanathibitisha kuwa njia zipo nyingi, hawathibitishi kuwa darasa ni bure. Tena, kila mmoja wao alipata mafunzo kwa namna fulani. Mtoto wa Tabaka alikaa miaka na baba yake akikosolewa kila pigo la patasi. Hicho ndicho kitu ambacho chuo kizuri huuza: muda mrefu wa kufanya kazi mbele ya jicho la anayejua kuliko wewe. Kijana aliyezaliwa katika nyumba ya wachongaji anao muda huo bila kulipa. Kijana wa Bomet ambaye nyumbani kwao kuna chai, ng'ombe na mahindi, na ambaye hajawahi kumwona mtu mzima akiishi kwa kuchora, ataupata wapi?

Hebu tuwatazame wale waliounganisha urithi na darasa. Elkana Ong'esa alitoka katika jamii hiyo hiyo ya wachongaji wa Kisii, kisha akasomea sanaa Makerere, na sanamu yake ya ndege wa amani iko kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971 akiwa na nia ya kuendelea na michoro ya kibiashara. Darasani ndiko alikokutana na udongo. Kisha akafanya jambo la busara: akaenda Nigeria na akarudi Kenya kujifunza kwa wanawake wanaofinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu, na baada ya hapo akahitimu katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London mwaka 1982. Mwaka 2018 akawa mkuu wa chuo kikuu cha sanaa nchini Uingereza. Ng'endo Mukii alisomea filamu na uhuishaji Marekani na Uingereza, na mwaka 2023 alikuwa mmoja wa waongozaji wa Kiafrika waliotengeneza mkusanyiko wa filamu za katuni wa Kizazi Moto uliosambazwa na Disney. Mtu atasema, na atakuwa na haki, kwamba haya ni majina machache yaliyofika kileleni, na hatuwaoni mamia waliohitimu na kuacha. Ni kweli, simwambii mzazi kwamba mwanawe atakuwa Odundo. Ninachokiona katika maisha yao ni kwamba darasa halikuua asili, na asili haikulifanya darasa kuwa la ziada. Odundo asingeuona udongo kama angekataa kwenda shule, na vyungu vyake visingekuwa hivyo vilivyo kama angedharau vidole vya akina mama wa kijijini.

Kuna faida nyingine ya darasa ambayo haionekani kwenye mshahara wa mtu mmoja. Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika darasa hilo alitoka Gregory Maloba, Mkenya aliyechonga mnara wa uhuru wa Kampala mwaka 1962 na baadaye kuja kufundisha Nairobi. Alitoka pia Elimo Njau, aliyechora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959 na kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Fundi aliyejifunza peke yake huacha kazi nzuri. Waliosoma pamoja huacha pia shule, majumba ya maonyesho na wanafunzi. Sisi Wakipsigis tuna mfano wetu unaouma. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika Kapkatet na mitambo yake akarekodi nyimbo za wenyeji, mojawapo ikiwa ile maarufu ya Chemirocha, iliyozaliwa baada ya watu kusikia santuri za mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers. Wimbo huo ulisambaa duniani. Rekodi zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwenyewe, na nakala zilirudishwa kwa wenyeji zaidi ya miaka 60 baadaye. Tunamshukuru aliyehifadhi, kwa sababu bila yeye sauti zile zingepotea. Lakini tujiulize kwa nini alihitajika mgeni. Alikuwa na mafunzo ya kurekodi, kuorodhesha, kuandika maelezo na kutunza, na sisi hatukuwa na mtu wa namna hiyo. Leo kibuyu cha maziwa ya mursik kilichopambwa kwa shanga na ngozi, kazi ya mikono ya mama zetu, kinauzwa barabarani kama pambo. Nani ameandika aina zake, mafundi wake, na tofauti za mapambo kutoka eneo moja hadi jingine? Asipopatikana msomi wa sanaa kutoka miongoni mwetu, atakuja mwingine kutoka mbali, na watoto wetu watalazimika kusafiri ng'ambo kuusoma urithi wao.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaoipenda nchi: Kenya ni maskini, inahitaji wahandisi na madaktari kwanza, ndiyo maana serikali ililenga asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari ya juu waende sayansi. Hapo sina ugomvi. Asilimia 60 si asilimia 100, na hakuna anayependekeza kila mtoto wa Bomet achore. Hoja yangu inamhusu yule mwenye mwelekeo wa sanaa ambaye akisukumwa kwenye uhandisi atakuwa mhandisi dhaifu. Taifa halipati mhandisi kwa kumnyima mchoraji nafasi; linapata mtu mmoja asiyefaa popote. Isitoshe, kazi za sayansi na za sanaa zinategemeana. Daraja lazima lichorwe kabla ya kujengwa, programu ya simu lazima ipangwe ili mama mkulima aielewe anapoangalia kilo zake, na somo la afya lazima litiwe kwenye picha au wimbo ili likumbukwe.

Pingamizi la tatu ndilo jipya na linalowatia vijana wenyewe hofu: akili unde. Siku hizi mtu huiandikia kompyuta maneno machache, na picha hutoka kwa sekunde kadhaa. Kwa nini mtu asome miaka minne kitu ambacho mashine inafanya bure? Watu wa Kericho na Bomet wanaijua hofu hii kuliko wengi, kwa sababu mashine za kuchuma chai zimewaondoa wachumaji wengi katika mashamba makubwa, na mwezi Mei 2023 hasira ilifika mahali pa mashine kuchomwa moto. Tuseme ukweli: aliyekuwa na kasi ya mikono peke yake ndiye aliyeumia. Lakini mashine haikumwondoa anayejua jani lipi linafaa kiwandani, shamba lipi lisubiri siku mbili zaidi, na kwa nini majani ya leo hayatatoa chai nzuri. Katika sanaa mambo yanaelekea huko huko. Aliyejifunza kubofya vitufe vya programu moja tu, bila kujua rangi inafanya nini, umbo linasema nini na hadithi inasimama vipi, atapokonywa kazi. Aliyefunzwa kuona, kuchagua na kukataa ataitumia mashine kama chombo. Kwa hiyo akili unde haidhoofishi hoja ya kusoma sanaa kwa kina. Inadhoofisha kozi fupi na hafifu zinazofundisha programu na kuziita ubunifu. Mzazi akiambiwa chuo fulani kitamfanya mwanawe mbunifu kwa kumfundisha programu mbili, ashike pesa yake.

Hilo linanifikisha kwenye masharti, maana nilisema mwanzoni kwamba jibu langu lina masharti. La kwanza linamhusu kijana. Kupenda sanaa si kuifanya. Kijana wa miaka 18 anayetaka shahada ya sanaa awe na kazi za kuonyesha: daftari lililojaa michoro, mabango aliyoyatengenezea shule au kanisa, filamu fupi aliyoipiga kwa simu, shanga, vinyago, chochote, na kiwe kingi. Asiyekuwa nacho apewe mwaka mmoja wa kukitafuta kabla ya bonasi kuguswa. La pili linahusu chuo. Idara zilizozoeleka za sanaa ziko mbali na hapa, katika vyuo vikuu vya Kenyatta, Nairobi na Maseno, na safari ya kwenda kuona kwa macho si anasa. Uliza: Je, kuna karakana zenye vifaa, au ni mihadhara mitupu? Je, walimu wenyewe bado wanafanya kazi ya sanaa na kuonyesha? Je, wanafunzi hupelekwa kwenye mafunzo ya kazini, na wapi? Je, wanafundishwa kuandika mkataba, kupanga bei, kulipa ushuru na kulinda hakimiliki? Chuo kisichoweza kujibu maswali manne ya mzazi wa Bomet hakistahili majani yake.

La tatu ni gharama. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 ulipanga sehemu ya karo iwe msaada, sehemu iwe mkopo na sehemu itoke kwa familia, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hurudishwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, msanii awe amepata kazi au hajapata. Kwa mtu ambaye kipato chake kitakuja kwa vipande, deni kubwa ni mzigo mbaya zaidi kuliko kwa mwenye mshahara. Ndiyo maana siungi mkono kuuza shamba kwa ajili ya shahada ya sanaa, kama nisivyounga mkono kuliuza kwa ajili ya shahada nyingine yoyote. Zipo njia za kupunguza hatari. Kijana anaweza kuanza na diploma, kama zile za Taasisi ya Sanaa ya Buruburu jijini Nairobi, ambako wasanii kadhaa wanaojulikana leo walianzia, kisha aendelee na shahada akiwa tayari anapata chochote. Anaweza kuchanganya sanaa na ualimu, au kuchagua ubunifu wa michoro na mitindo ambako wateja ni wengi kuliko wa uchoraji wa turubai. Kufanya hivyo si kuisaliti sanaa. Wasanii wengi wakubwa waliishi kwa kufundisha.

Nimalizie kwa wale ambao uamuzi huu unawahusu. Wewe kijana, usimwambie mzazi wako kwamba haelewi ndoto zako. Mwekee kazi zako mezani, mweleze kozi inafundisha nini, inagharimu kiasi gani, na utakuwa unauza nini ifikapo mwaka wa pili. Nanyi wazazi, kina baba na mama mnaoamka alfajiri kwenda kuchuma, msikatae kwa sababu ya jirani aliyehitimu sanaa akakosa kazi, maana jirani mwingine amehitimu ualimu akakosa pia. Ombeni kuona kazi, mkiiona na ikawashawishi, lipeni kwa moyo mmoja. Na serikali ya kaunti pamoja na wakurugenzi wa viwanda vyetu wanayo sehemu yao: tangazeni mashindano ya wazi ya kubuni pakiti, nembo na mabango, wapeni wahitimu wetu nafasi ya kwanza ya kushindana, na muwalipe kwa wakati. Shahada ya sanaa inakuwa na thamani pale mtu anapoijua kazi na jamii yake inapokubali kuilipia. Nusu ya kwanza ni ya kijana na chuo chake. Nusu ya pili ni yetu sisi wa Bomet, na hiyo tunaweza kuianza kabla ya bonasi ijayo kulipwa.